Daftari, kadi, Katiba au redio: njia ipi ikufundishe Kiingereza cha siasa na serikali kabla ya mtihani?

Mtahiniwa anayesema amekariri maneno 200 ya siasa hajatuambia kitu mpaka ataje mtihani anaokwenda kuufanya. Katika karatasi ya Civics ya kidato cha nne, sehemu ya kwanza humletea maneno yakiwa yamekwishachapwa: anachagua herufi, anaoanisha orodha mbili. Kazi yake hapo ni kulitambua neno tu. Akifika kwenye insha za mwisho za karatasi hiyohiyo hakuna aliyemwandikia lolote. “Assent”, “by-election” na “separation of powers” lazima zitoke kichwani mwake zikiwa na herufi zake zote. Anayefanya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ana dakika 40 hivi za kuandika insha ya maneno yasiyopungua 250, na msamiati hubeba robo ya alama za insha hiyo. Kwenye mazungumzo ya mdomo pia ni robo. Anayefanya C1 Advanced ya Cambridge anaweza kupewa “govern” na kutakiwa aandike “governance” au “ungovernable” kulingana na pengo lilivyokaa. Na aliyeitwa kwenye usaili wa utumishi wa umma anaweza kuulizwa ana kwa ana atofautishe “policy” na “law”, wakati hana kalamu wala karatasi.

Kwa hiyo kuna kazi mbili, kulitambua neno na kulitoa, na njia za kujifunza hazifundishi zote mbili sawasawa. Zinazopendwa zaidi na wanafunzi, Dodoma na kwingineko, ndizo zinazofundisha ile ya kwanza, kwa sababu hazichoshi na humpa mtu matumaini haraka. Tunalinganisha hapa njia tano: daftari la maneno, kadi za kurudia, kusoma maandishi yaleyale katika lugha mbili, kusikiliza, na mitihani iliyopita.

Daftari la safu mbili

Hili kila mtu analijua. Kulia Kiswahili, kushoto Kiingereza, unafunika upande mmoja kwa mkono na kujipima. Gharama yake ni daftari na kalamu, halihitaji bando, umeme ukikatika linaendelea. Kwa mtihani wa kuchagua na kuoanisha, wiki mbili za daftari zinatosha kumvusha mtu, na hatuna sababu ya kumkataza.

Lina kasoro tatu. Ya kwanza ni mpangilio. Ukilisoma kutoka juu kwenda chini kila siku, unakumbuka “ballot” kwa kuwa liko chini ya “candidate”. Ukikutana nalo peke yake kwenye karatasi, limepotea. Dawa yake ni kuanza kila siku mahali tofauti, au kusoma kutoka chini kwenda juu.

Ya pili ni kubwa zaidi: daftari la safu mbili linaamini kwamba neno moja la Kiswahili lina mwenzake mmoja wa Kiingereza. Kwenye siasa si kweli hata kidogo. “Kura ya maoni” ya wananchi wote kuhusu katiba ni “referendum”; kura za maoni za chama kumpata mgombea ni “primaries”; na utafiti wa kuwauliza watu wanamuunga mkono nani, ambao nao magazeti huuita kura ya maoni, ni “opinion poll”. Mwanafunzi aliyeandika “kura ya maoni = referendum” atasema chama fulani kilifanya “referendum” kumpata mgombea ubunge, na msahihishaji hana namna ya kumpa alama. Jimbo la Kongwa ni “constituency”, jimbo la Texas ni “state”. Katibu Mkuu wa wizara pale Mtumba ni “Permanent Secretary”, Katibu Mkuu wa chama au wa Umoja wa Mataifa ni “Secretary-General”. Kuteua waziri ni “appoint”. Kumteua mtu awe mgombea ni “nominate”. Naibu Waziri ni “Deputy Minister”, Makamu wa Rais ni “Vice President”. Anayeandika “Vice Minister” kwa Tanzania ameunda cheo kisichokuwepo.

Kasoro ya tatu ni kwamba daftari hukupa neno bila majirani zake. Anayejua kwamba kuvunja ni “break” na Bunge ni “Parliament” huandika “break the Parliament”, ilhali Kiingereza husema “dissolve Parliament”. Vivyo hivyo “make an election” badala ya “hold an election”, “vote a president” badala ya “vote for” au “elect a president”, na “the minister was sworn” bila ile “in” ya mwisho. Makosa ya namna hii ndiyo yanayoshusha alama za msamiati kwenye insha, kuliko kutojua maneno magumu. Tungeomba mtu ajifunze “cast a vote” na “stand for election” barabara kabla hajagusa “gerrymandering”.

Ukibaki na daftari, lilaze kwa upana na uligawe safu nne: neno, jirani yake wa lazima, sentensi fupi ya kweli, na nchi linakotumika kwa maana hiyo. Ukurasa mmoja unabeba maneno 10 hadi 12 tu. Ni polepole, ndiyo, lakini hayo 12 utaweza kuyaandika kwenye insha.

Kadi za kurudia

Kadi huvunja ule mpangilio wa daftari kwa kuzichanganya, na hukulazimisha kurudia zaidi yale unayoyasahau. Nunua karatasi za manila za ukubwa wa A4 kwenye steshenari. Karatasi ya kawaida ya fotokopi inaonyesha wino upande wa pili, na utakuwa unajidanganya bila kujua. Kunja A4 mara tatu, kata, unapata kadi nane za milimita 74 kwa 105. Karatasi 10 ni kadi 80.

Unachoandika mbele ndicho kinachoamua kama kadi inafundisha kutambua au kutoa. Kadi yenye “incumbent” mbele na “aliyepo madarakani” nyuma inafaa kwa Civics sehemu ya kwanza. Kwa insha, geuza, na mbele weka sentensi yenye pengo:

Mbele: *Rais amekataa kutia saini muswada. The President has ______ assent ______ the bill.*
Nyuma: *withheld, to. Kinyume: assented to the bill. Nomino na kitenzi ni neno moja: assent.*

Kadi moja ya namna hii inabeba kitenzi, kihusishi na kinyume chake. Inachukua dakika mbili kuitengeneza, na wengi huchoka hapo. Lakini kule kutengeneza kwenyewe ni kusoma.

Tumia visanduku vitatu. Hata vya viberiti vikubwa au bahasha vinafaa. Cha kwanza unakipitia kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu mara moja kwa wiki. Ukipata, kadi inapanda; ukikosa, inarudi cha kwanza hata kama ilikuwa cha tatu. Maneno mapya manane kwa siku, siku tano kwa wiki, yanakupa 240 kwa wiki sita, na hayo yanatosha kwa mtihani wowote kati ya tuliyoitaja. Ukiweka 20 kwa siku, wiki ya kwanza utajisifu, wiki ya pili kadi za kurudia zitakuwa zimefika mia na kitu kila siku, na wiki ya tatu utaziacha zote.

Kwenye simu, programu ya Anki hufanya hesabu hiyo yenyewe. Kwa Android na kwa kompyuta ni ya bure, kwa iPhone inalipiwa. Inafanya kazi bila intaneti ukishaipakua, kwa hiyo safari ya daladala kutoka katikati ya jiji hadi Mtumba au Chuo Kikuu cha Dodoma inakumalizia kadi zako za siku. Tunachokataza ni kupakua seti za kadi zilizotengenezwa na wengine. Nyingi ni za somo la serikali ya Marekani, na humo “district” ni eneo la kumchagua mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, si wilaya ya Bahi au Chamwino. “Administration” humo ni serikali ya rais fulani. “Secretary of State” ni waziri wa mambo ya nje, wakati Uingereza cheo hicho hubebwa na mawaziri kadhaa wa baraza. Hatari kuliko yote ni “to table a bill”: Uingereza, na kwa mazoea yetu sisi, ni kuwasilisha muswada ujadiliwe; Marekani ni kuuweka kando usijadiliwe. Mtu aliyejifunza maana ya Marekani ataisoma habari ya The Citizen kuhusu Bunge na kuielewa kinyumenyume.

Usiingize kadi za maneno yanayofanana sura siku moja. “Constitution” na “constituency”, “councillor” na “counsellor”, “policy” na “politics”: yakiingia pamoja yanachanganyikana na hubaki yamechanganyikana. Lifunze moja mpaka likae, mwenzake aje wiki inayofuata.

Maandishi pacha: Katiba, hotuba ya bajeti, magazeti

Hapa ndipo mtu aliyepo Tanzania ana utajiri ambao wengi hawautumii. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 ipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, namba za ibara ni zilezile, na vyote viwili vinapatikana bure mtandaoni. Kila neno la Kiingereza unaloliona humo limewekwa mbele ya chombo unachokijua kwa jina, kwa hiyo hulazimiki kubuni maana.

Chukua Ibara ya 97, inayoeleza sheria inavyotungwa. Muswada uliopitishwa unapelekwa kwa Rais. Anaweza kuukubali au kukataa, na akikataa anaurudisha Bungeni pamoja na sababu zake. Hauwezi kupelekwa tena kwake kabla ya miezi sita isipokuwa umeungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukirudi kwa nguvu hiyo, Rais aukubali ndani ya siku 21, au alivunje Bunge. Kutoka ibara hiyo moja unavuna “pass a bill”, “present a bill for assent”, “withhold assent”, “return the bill”, “two-thirds majority” na “dissolve Parliament”. Maneno sita yaliyofungwa kwenye kisa kimoja chenye mwanzo na mwisho, na ndiyo maana hukaa kichwani kuliko sita yaliyookotwa popote.

Namna ya kufanya: soma ibara kwa Kiswahili mara mbili, funga. Andika kwa Kiingereza chako, sentensi tatu au nne, bila kamusi. Fungua toleo la Kiingereza, weka mbili hizo kando kwa kando, pigia mstari kila mahali kitenzi au kihusishi chako kimetofautiana. Siku inayofuata andika tena bila kutazama. Dakika 40 hivi kwa siku ya kwanza, 15 kwa ya pili. Hatua ya kuandika kabla ya kutazama ndiyo inayorukwa na wengi, na bila hiyo unachofanya ni kusoma tu.

Kwa uzito wa mitihani, ibara 12 zinatosha: 33 na 46A za Rais, 51 na 53A za Waziri Mkuu, 54 ya Baraza la Mawaziri, 59 ya Mwanasheria Mkuu, 62, 97, 98 ya kubadilisha Katiba, 107A ya mamlaka ya Mahakama, 143 ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu (CAG), na 145 ya serikali za mitaa. Tatu kwa wiki, mwezi umekwisha. Chukua nakala iliyojumuisha marekebisho ya mwaka 2005, maana nakala za zamani bado zinazunguka.

Ibara mbili kati ya hizo zina mitego inayofaa kutazamwa kwa makini. Ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais akiwa mojawapo. Kiingereza kinatenganisha: chombo kizima ni “Parliament”, sehemu ya wabunge ni “National Assembly”. Kiswahili cha kila siku kinasema Bunge kwa vyote viwili. Swali la kuchagua linalouliza sehemu za “Parliament” huangusha watu wengi hapo, kwa sababu wanajibu kwa kukumbuka jengo na waliomo ndani yake.

Ya 46A inahusu Bunge kumshtaki Rais. Anayetafsiri kwa kamusi huandika “sue” au “accuse the President”. Neno ni “impeach”. Na hapo pana kosa la pili: kudhani “impeached” maana yake ameondolewa. Marekani, Andrew Johnson mwaka 1868, Bill Clinton mwaka 1998, na Donald Trump mwaka 2019 na tena 2021, wote walikuwa “impeached” na Baraza la Wawakilishi, na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani na Seneti. Ukitaka kusema aliondolewa, andika “removed from office”.

Udhaifu wa Katiba ni lugha yenyewe. Imejaa “there shall be”, “subject to the provisions of” na “notwithstanding”. Hizo ni za wanasheria. Zikihamia kwenye insha ya IELTS kuhusu kodi au elimu bure, insha inasomeka kama hati ya kiwanja. Chukua vitenzi na majirani zake, viunzi vya kisheria viache.

Hotuba ya bajeti inaziba pengo hilo. Waziri wa Fedha huisoma hapa Dodoma katikati ya Juni, mwaka wa fedha ukianza 1 Julai, na Wizara hutoa pia toleo la Kiingereza. Mada za serikali zinazojirudia zaidi kwenye IELTS ni za matumizi ya umma: fedha ziende barabarani au hospitalini, nani alipe, kodi ipande au ishuke. Kwa hayo, hotuba hii inazidi orodha yoyote ya maneno. “Revenue” ni mapato, “recurrent expenditure” ni matumizi ya kawaida, “development expenditure” ni matumizi ya maendeleo, “deficit” ni nakisi, “levy” ni tozo, “excise duty” ni ushuru wa bidhaa, “exemption” ni msamaha wa kodi, “concessional loans” ni mikopo yenye masharti nafuu. Usiisome yote; ni ndefu mno. Soma sehemu ya sura ya bajeti mwishoni, na ile ya mabadiliko ya kodi, ambako kila aya inakuja na kitenzi chake: “impose”, “abolish”, “reduce the rate from… to…”, “allocate… to…”.

Magazeti yanakuja ya tatu kwetu, ingawa wanafunzi huyaweka ya kwanza. Faida yake ni kwamba Mwananchi na The Citizen ni ya kampuni moja, na HabariLeo na Daily News ni ya kampuni nyingine moja, kwa hiyo tukio lile lile la Bungeni mara nyingi utalikuta pande zote mbili asubuhi ileile. Si tafsiri ya neno kwa neno, na hilo ni jema kwa msomaji aliyekwishapiga hatua. Kwa anayeanza linachanganya. Tahadhari ni vichwa vya habari. Humo mawaziri “are grilled”, serikali “mulls” jambo, CAG “unearths” madudu, wabunge “slam” mradi. Ni maneno mafupi yaliyochaguliwa yaenee kwenye safu ya gazeti. Kwenye insha andika “question”, “consider”, “uncover” na “criticise”.

Magazeti yana faida moja ambayo Katiba haina: yanafuata mabadiliko. Tume ya uchaguzi, kwa sheria ya mwaka 2024, jina lake sasa ni Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, kwa Kiingereza “Independent National Electoral Commission”. Vitabu vingi vya Civics bado vina “NEC”. Ukiandika “NEC” bila maelezo unaongeza utata, kwa kuwa hicho pia ni kifupi cha “National Executive Committee”, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM.

Kusikiliza

Kwa karatasi ya kuandika, kusikiliza ni nyongeza. Kwa usaili wa mdomo na kwa IELTS ya kuzungumza, ni lazima, sababu ni matamshi. Katika “parliament” ile i haisikiki. Katika “coup” p haisikiki, unasema “ku”. “Regime” huanza na “rei” na mkazo uko mwishoni. Anayejifunza kwa macho tu huyatamka kwa herufi za Kiswahili, na msikilizaji wa nje hubaki anakisia.

Bunge letu linaendeshwa kwa Kiswahili, kwa hiyo peke yake halikufundishi Kiingereza. Lakini liunganishe na la London. Bunge la Uingereza linapoketi, maswali kwa waziri mkuu huwa Jumatano saa sita mchana kwa saa zao, na ni nusu saa tu. Kwetu ni saa tisa alasiri wakati wa majira yao ya baridi, saa nane mchana kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Oktoba. Hapa Dodoma maswali kwa Waziri Mkuu huwa Alhamisi asubuhi. Sikiliza la London Jumatano, andika maneno matano ya utaratibu, kama “supplementary question”, “point of order” na “the honourable member”. Alhamisi sikiliza la Dodoma ukisubiri “swali la nyongeza” na “kuhusu utaratibu”. Tofauti ya madaraka nayo itajionyesha: yule wa London ndiye mkuu wa serikali, “head of government”, na mfalme ni “head of state”, kwetu vyeo hivyo viwili viko kwa Rais, na Waziri Mkuu huteuliwa naye kisha kuthibitishwa na wabunge.

Anayeona kasi ya London ni kubwa mno atumie mijadala ya Bunge la Afrika Mashariki la Arusha. Mijadala yake huendeshwa kwa Kiingereza, lafudhi ni za kwetu, na hoja zake ni za ushuru wa forodha na mipaka tunayoijua.

Mitihani iliyopita

Fanya mmoja mwanzoni na iliyobaki mwishoni. Wa mwanzoni unakuonyesha unapungukiwa kutambua au kutoa. Iliyobaki ni ya kujipima kwa saa. Kosa la kawaida ni kuzitumia kama kitabu: kukariri majibu ya miaka mitano kwa kutarajia swali lijirudie. Msamiati hujirudia, swali hubadilishwa sura.

Kwa mitihani ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, kuna kitu kinachopita karatasi zenyewe: ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo Baraza huziweka bure kwenye tovuti yake kwa kila somo. Humo mna picha za majibu mazuri na mabovu kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe, na maelezo ya kwa nini waliokosa walikosa. Soma za Civics na English Language za miaka mitatu. Utakuta mara nyingi tatizo ni amri ya swali: aliyeambiwa “distinguish” ameeleza kimoja tu, aliyeambiwa “justify” ameorodhesha. Maneno hayo ya amri si ya siasa, lakini yaingize kwenye kadi zako kabla ya “bicameral”.

Nani achukue ipi

Wa kidato cha nne kwa mtaala wa zamani, mwenye miezi mitatu hadi Novemba: daftari la safu nne kwa mada za Civics, ibara 12 za Katiba katika mwezi wa pili, ripoti za NECTA na karatasi zilizopita mwezi wa mwisho. Kadi si lazima. Waliokuja na mtaala mpya, unaofundisha Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili, wana hali tofauti: msamiati huu wa Kiingereza hawataupata kwenye somo hilo, kwa hiyo mwenye nia ya chuo au masomo ya nje aanze na maandishi pacha mapema, hata ibara moja kwa wiki.

Wa kidato cha sita anaandika insha nyingi, na mitihani yake ni Mei. Kwake daftari la safu mbili ni kupoteza muda. Aende na maandishi pacha na kadi zenye pengo, na kila wiki aandike insha moja akitumia maneno 10 ya wiki hiyo, si zaidi, la sivyo insha itakuwa orodha iliyovaa koti.

Wa IELTS mwenye wiki sita: kadi za kutoa kila siku, hotuba ya bajeti wiki mbili za mwanzo, kusikiliza mara mbili kwa wiki, insha mbili kwa wiki kwa saa. Katiba asome ibara tatu au nne tu. Asiwinde maneno adimu. Msahihishaji anapima usahihi na ulaini wa matumizi, na “filibuster” lililokaa vibaya hushusha kuliko “delay” lililokaa vizuri. Wa C1 afanye hayohayo lakini kila kadi iwe na ukoo wa neno: “elect, election, electoral, electorate, re-elect, unelected”. Humo “electorate” ndilo linalosahauliwa.

Wa usaili mwenye wiki mbili hana muda wa njia yoyote kwa ukamilifu. Achukue sheria iliyoanzisha taasisi anayoiombea na muundo wake, aorodheshe vyeo na majukumu kwa Kiingereza, vyeo vyote kuanzia mwenyekiti wa bodi hadi afisa wa ngazi anayoomba. Kisha aongeze jozi kama 10 za kutofautisha: “policy” na “law”, “act” na “regulation”, “central” na “local government”, “revenue” na “grant”, “accountability” na “transparency”. Kila jozi aieleze kwa sauti kwa sekunde 30 mbele ya mtu mwenye saa, na anapokwama kwenye kihusishi arudie jozi ileile palepale kabla ya kwenda nyingine.